Linda tarehe uliyoingia kazini

Wadogo zangu mnaoanza kazi hapa Lubumbashi, hasa nyinyi mnaopanda lori alfajiri kwenda kwenye shantie (maeneo ya kazi) za njia ya Likasi, shikeni tarehe mliyoingia kazini kama mnavyoshika mshahara. Mimi ni delege, yaani mwakilishi, wa wafanyakazi kwa miaka mingi sasa. Watu niliowasindikiza kwa inspekta wa kazi, yaani afisa wa serikali anayesimamia sheria za kazi, wengi wao walipata haki au waliikosa kwa sababu ya tarehe hiyo.

Sheria yetu ya kazi hapa Kongo (DRC) ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Nianze na vibarua, maana ndio wanaoumizwa zaidi. Ukiajiriwa siku kwa siku na ukafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, mwajiri akikuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra (mkataba) hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Wakubwa wanaijua hesabu hii. Ndiyo maana kijana anafika siku ya 20 anaambiwa, "Pumzika kwanza, tutakuita." Akirudi, jina lake kwenye orodha limebadilishwa herufi moja, aonekane mtu mwingine. Nimeziona orodha hizo kwa macho yangu, na inaniuma kila mara.

Basi nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, shantie, saa ya kuingia na kutoka, na jina la kapita (msimamizi) aliyekupanga. Piga picha ya baji yako, pande zote mbili, kabla hawajaichukua. Atakayekwambia "huna karatasi, huna haki" usimwamini: kontra isiyoandikwa inachukuliwa kuwa ya muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine, na mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote ya ushahidi. Daftari lenye majina na saa, likiungwa mkono na wenzako wawili watatu, lina uzito.

Kipindi cha majaribio nacho lazima kiandikwe. Kisipoandikwa, hakipo. Kwa manevu, yaani mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi, hakizidi mwezi 1, kwa wengine hakizidi miezi 6. Kontra ya muda maalumu haipiti miaka 2, na kwa kawaida inarudiwa mara moja tu.

Sasa preavisi, yaani notisi ya kuachishwa kazi. Ukiwa na kontra isiyo na kikomo na ukaachishwa bila kosa zito, unastahili siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili uliotumika mfululizo. Angalia neno hilo, kamili. Mwenye miaka 4 na miezi 8 anapata 14 na 28, yaani siku 42. Ile miezi 8 haimwongezei kitu. Kama aliingia Januari lakini kontra yake imeandikwa Septemba, mwaka mzima wa hesabu unaweza kupotea hapo. Kwa hiyo kabla ya kusaini, soma tarehe ya kuanza, na kama si ya kweli sema palepale, mbele ya delege.

Likizo, au konje, haki yake inazaliwa mwaka ukitimia: angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili kwa mtu mzima, na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 kwa mwajiri yuleyule. Kampuni ikiuzwa au ikibadilisha mwenyewe, kontra zinaendelea na miaka yako inaendelea kuhesabiwa. Msikubali kuanzishwa upya.

Dada zangu, likizo ya uzazi ya wiki 14 haingoji utimize mwaka. Usidanganywe kwamba wewe bado mgeni.

Mambo yakiharibika, anza kwa inspekta wa kazi, kwa sababu mahakama ya kazi haipokei kesi ya mtu mmoja ambayo haijapitia kwake kwa usuluhishi. Na usichelewe: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka 1, madai mengi mengine ya kontra baada ya miaka 3.