Nywele Zangu Hazina Msiba

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniandikia ujumbe mrefu. Ameitwa kwenye usaili wa kazi, na dada yake amemkataza kwenda na nywele zake za kipilipili zilivyo. Aazime wigi, la sivyo wakubwa watadhani ametoka kijijini jana. Mwishoni aliuliza, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, niende nazo au nisiende nazo?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu, kwa kuwa mwaka 2017 nilijiuliza swali hilohilo nikiwa nimesimama mbele ya kioo na wigi mkononi, na siku ile nililivaa.

Nilianza kutiwa dawa ya kunyoosha nywele nikiwa na miaka kumi na mmoja, siku chache kabla ya komunyo yangu ya kwanza. Msusi alinipaka mafuta kwenye ukingo wa paji la uso na nyuma ya masikio, akanikanya nisijikune, na ngozi ilipoanza kuwaka moto akaniambia nivumilie, maana dawa inayowasha ndiyo inayoshika. Nilivumilia miaka kumi na sita. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika dawa nyingi za aina ile kinachofanya kazi ni hidroksidi ya sodiamu, yaani sodi kali ileile ambayo akina mama wa mtaa wetu huichanganya na mafuta ya mawese ili kupata sabuni. Niliacha baada ya kidonda kimoja kupona na kuacha upara wa ukubwa wa kifungo cha koti nyuma ya sikio la kushoto. Nikanyoa zote.

Hapo maneno yakaanza. Kwetu mwanamke akionekana amenyoa, watu hutafuta maiti. Jirani alibisha hodi akiwa tayari na uso wa rambirambi, akitaka kujua ni nani aliyetutoka. Mwingine aliuliza kama nimejiunga na kanisa linalokataza mapambo. Mama mkubwa, ambaye alinilea na ambaye sitaacha kumpenda, alinivuta kando kwenye harusi ya mtoto wake, akaninong'oneza: "Mwanangu, kama ni pesa ya saluni iliyokosekana, si ungesema?" Sijasahau. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza habari za nywele. Waliuliza habari za msiba, za dini na za umaskini, kana kwamba kichwa cha mwanamke ni ubao ambao jamaa na jirani wana haki ya kuusoma.

Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakati huo nilikuwa katika kampuni inayoshughulikia mizigo ya forodha kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nywele zilikuwa zimeota kiasi cha kusimama, na mkubwa wangu, Mkongomani mwenzangu, aliniambia: "Jumatatu kuna wateja, ujitengeneze." Neno hilo liliniuma, kwa sababu asubuhi ile niliamka saa kumi na moja, nikazilowesha, nikazipaka mafuta, nikazifumua fundo baada ya fundo kwa chanuo la meno mapana. Hiyo Jumatatu nilivaa wigi. Wiki chache baadaye, nilipothubutu kuja bila wigi, mteja mmoja kutoka Ulaya aliingiza vidole vyake kichwani mwangu mbele ya watu wote, akasema ni laini kuliko alivyofikiri. Nilitabasamu. Tabasamu lile bado sijajisamehe. Hata hivyo nasema wazi kwamba mgeni yule hakuniumiza kama walivyoniumiza watu wangu, maana yeye alishangaa asichokijua, bali hao wengine wana nywele hizohizo chini ya wigi.

Tangu siku ile nimefuata jambo moja tu, nalo ndilo ushauri wangu wote: usijieleze. Anayenyoosha mkono, rudisha kichwa nyuma na useme "hapana" kwa sauti ya kawaida. Anayekuambia nywele zako hazifai ofisini, mwombe kwa heshima akuonyeshe kanuni ilipoandikwa. Mimi niliomba, na haikupatikana. Si jambo letu peke yetu: mwaka 2016 wanafunzi wasichana wa Pretoria waliandamana kwa sababu ya kusumbuliwa juu ya nywele zao, tarehe 3 Julai 2019 jimbo la California liliidhinisha sheria inayokataza ubaguzi wa nywele, na tarehe 28 Machi 2024 wabunge wa Ufaransa walipiga kura kuunga mkono pendekezo kama hilo. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya 2006 inakataza ubaguzi bila kuzitaja nywele, nami naamini siku moja zitatajwa.

Mwezi uliopita nilipewa uongozi wa idara katika kampuni nyingine, na picha ya kadi yangu ya kazi inaonyesha nywele zote. Naisema kwa fahari. Na ninyi akina mama, acheni kumwambia binti wa miaka kumi na mmoja kwamba kuungua ndiyo kupendeza. Acheni pia kumwita mchafu mtoto ambaye nywele zake hazijapitiwa na dawa, maana neno hilo hulibeba hadi kwenye usaili.

Binti wa Katuba nilimjibu usiku uleule. Sikumwahidi kwamba atapata kazi. Nilimwambia aende nazo, na kwa kuwa Julai hewa yetu ni kavu, na mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, aanze maandalizi jioni ya kuamkia usaili: azioshe, azipake mafuta zikiwa bado na unyevu, azisokote mafundo manene, alale na kitambaa cha satini, kisha azifumue asubuhi kwa vidole. Mtu akimuuliza kama amefiwa, ajibu kwamba nyumbani wote ni wazima, halafu aombe waanze kuzungumzia kazi.