Mafundisho au majaribu? Jibu la mwalimu wa kipaimara kutoka Tanga

Swali lenu la wiki, kama Mkristo hukomaa kiroho kwa mafundisho au kwa majaribu, limenigusa kwa sababu nimefundisha kipaimara hapa Tanga kwa miaka mingi, na kalamu niliishika nikiwa upande wa mafundisho. Martin Luther aliandika Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya msingi ya imani, mwaka 1529 baada ya kuzuru sharika na kukuta waumini wengi hawajui hata Amri Kumi. Tena wapo majirani zetu waliopoteza kazi mkonge ulipoanguka bei, na si wote waliotoka humo na saburi ambayo Warumi 5 inasema huletwa na dhiki. Wengine walitoka na uchungu ambao hawajautua hadi leo.

Hata hivyo, nikiulizwa ni nani aliyekomaa, anayenijia ni mama mmoja wa jumuiya yetu ya Chumbageni, aliyekuwa mtunza fedha tulipochangia mabati ya kanisa. Hesabu zilipopungua, mzee mmoja wa kanisa alitamka mbele ya jumuiya nzima, watoto wa mama huyo wakiwa wameketi pale pale mkekani, kwamba fedha zimeliwa. Mama hakujibu. Kesho yake alimwendea mzee nyumbani kwake, peke yake, akiwa na daftari, lakini hakusikilizwa. Akarudi na wanajumuiya wawili, nao wakaambiwa wasubiri kikao. Ndipo alipoomba daftari lisomwe mbele ya usharika, akasimama na kulisoma mwenyewe mstari kwa mstari, bila kumtaja mzee kwa neno hata moja baya. Muda wote wa uchunguzi hakukosa jumuiya, ingawa wapo walioanza kumpitishia mtu mwingine sadaka zao mbele ya macho yake, jambo ambalo hadi sasa linaniuma kulikumbuka. Stakabadhi ya fundi ilipopatikana, mzee alifika kuomba msamaha na alitaka yaishe siku ile ile. Mama akamwambia, "Mzee wangu, nimekusikia. Nipe mpaka Jumamosi, nisije nikakusamehe kwa mdomo tu." Jumamosi alikwenda, wakasali pamoja.

Hatua zile, kumwendea mkosaji peke yako, kisha na mashahidi, kisha mbele ya kanisa, ni za Mathayo 18, sura ambayo naifundisha kila mwaka, na wanafunzi wangu huikariri vizuri. Wengi wao, wakigombana, humwanzia jirani kabla ya mhusika. Waebrania 5:14 inasema kwamba watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa, kwa kutumiwa, kupambanua mema na mabaya; na mama yule alipambanua, kwani hakunyamaza pale palipostahili kusemwa, wala hakuharakisha msamaha ambao moyo wake ulikuwa haujaufikia.

Basi, kinyume na nilivyoanza, nasema ni majaribu, kwa sharti kwamba neno liwe limetangulia kupandwa, na kwa sharti la pili kwamba mtu yeyote asimwambie mfiwa au mgonjwa kuwa Mungu anamkomaza. Huyo ahudumiwe kwanza. Kuhusu yule mzee, jaribu lilikuwa lake pia, na kurudi jumuiyani baada ya aibu ile kulimgharimu. Kama naye alikomaa, sithubutu kumhukumu, ila tangu siku hizo hazungumzi juu ya mtu asiyekuwapo kikaoni.