Picha za swala zenye ukungu, na majina yao yalikotoka

Ndugu, nimekuelewa: swala wakikimbia picha zako zinatoka na ukungu, tena hujui uandike ni swala gani wala jina lake limetoka wapi.

Anza na kamera. Weka spidi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/2000 ya sekunde, acha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande, fokasi iwe kwenye jicho. Chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika. Jicho lililofifia linaharibu picha nzima.

Kuhusu jina, tazama makalio. Kwa swala granti, weupe hupanda juu ya mkia. Kwa swala tomi huishia chini yake. Usitegemee mstari mweusi wa ubavuni, baadhi ya granti wanao pia. Jina tomi limetoka kwa Joseph Thomson, na granti kwa James Grant aliyesafiri na mpelelezi John Speke; Thomson na Grant walikuwa wapelelezi Waskoti wa karne ya 19. Yaandike hayo chini ya picha, watu huyapenda sana. Ukibaki na shaka, muulize mtaalamu wa wanyamapori kabla ya kuchapisha.

Na tafadhali, usishuke garini kumfuata mnyama. Picha za faru zifute kwanza taarifa za mahali, maana majangili huzitafuta.