Ruzuku ya mafuta: fidia itangulie

Ndugu, umeuliza kama kuondoa ruzuku ya mafuta lazima kumuumize mnyonge. Si lazima, ila utaratibu ndio kila kitu. Ruzuku humnufaisha zaidi mwenye magari matatu kuliko mpanda basi, maana serikali hulipia sehemu ya bei ya kila lita, na anayejaza lita nyingi ndiye anayelipiwa nyingi. Lakini ikiondolewa ghafla, nauli na chakula hupanda papo hapo, na mnyonge hana akiba ya kujikinga. Iran, Desemba 2010, ilitanguliza fedha za fidia kwenye akaunti za familia, rial 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi, ndipo ikapandisha bei. Tatizo likaja baadaye: kiasi kilibaki kilekile miaka nenda rudi, mfumuko wa bei ukakitafuna. Hapo ndipo inaniuma.