Taimingi belti na plagi: fungua mwenyewe, uone kwa macho yako

Kijana mmoja wa Kakamega ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Corolla yangu ni ile 110, injini ya 5A. Aliyeniuzia hajui taimingi belti ilibadilishwa lini. Fundi wangu anasema tungoje mpaka ianze kulia ndipo tufungue. Ningoje?"

Marahaba, mwanangu. Usingoje. Beringi ya puli inaweza kulia, pampu ya maji inaweza kulia, lakini mkanda wenyewe, ule wa mpira unaolinganisha mwendo wa pistoni na vali, hukatika kimya, na hukatika ukiwa barabarani, kwa sababu hapo ndipo unapofanya kazi. Ujumbe wako umenifikia wakati mzuri. Jumamosi nimemaliza kubadilisha mkanda na plagi za gari langu hapa nyumbani Kiamunyi, na leo asubuhi nimelipeleka hadi Njoro na kurudi. Injini imetulia, gia ya tatu inapanda mlima bila kulalamika. Nimefurahi sana, na sioni haya kusema hivyo.

Najua wengi mnaosoma hapa mnataka kufika nilipofika: kuwa na gari mnalolijua kwa ndani, bila kuinamia mtu. Kwa hiyo nitawaambia nilivyoanza, maana nilisukumwa na maumivu.

Gari langu ni 110 kama la kijana wa Kakamega. Nilipolinunua nililipeleka kwenye gereji moja hapa Nakuru, nikaomba mambo mawili tu: mkanda mpya na plagi mpya. Nikaliacha asubuhi nikaenda shuleni. Jioni nikakuta limeoshwa, linang'aa, boneti imefutwa. Nikaambiwa kila kitu kimebadilishwa. Nikalipa pesa zote, za spea na za ufundi, nikashukuru.

Miezi michache baadaye nilikuwa natoka Kisumu kwenye matanga ya mama wa rafiki yangu. Nimepita Kericho salama, nimepita njia ya Londiani, naanza kuipanda Mau Summit giza likiingia. Injini ikazima. Hapakuwa na kishindo wala moshi. Usukani ukawa mzito, taa za dashibodi zikawaka zote, nikalisukuma gari kando kwa kasi iliyobaki. Nikiwasha, stata inazunguka haraka na kwa wepesi, kama haina mzigo wowote. Sauti hiyo ukishaisikia hutaisahau. Injini nzima husukuma hewa kwa mdundo, ng'u-ng'u-ng'u. Injini iliyokatika mkanda huzunguka tu kwa mlio mmoja laini. Baridi ya pale mnaijua. Malori yananipita, mimi na shuka la matanga mabegani, simu inaelekea kuzima.

Gari lilivutwa hadi Nakuru usiku ule. Fundi mwingine, mzee mtaratibu, alilifungua kesho yake mbele yangu, na ndiye aliyenionyesha. Bolti za kifuniko cha mkanda zilikuwa zimegandiwa na oili kuukuu na vumbi, ile takataka nyeusi inayokauka ikawa ngumu. Akachukua bisibisi akakwangua kichwa cha bolti moja. "Mwalimu, hizi hazijaguswa kwa miaka mingi," akaniambia. Ndani, chini ya kifuniko, kulikuwa na unga mweusi wa mpira. Mkanda wenyewe maandishi ya mgongoni yalikuwa yamefutika, kati ya jino na jino kuna nyufa, na kwenye kipande cha urefu wa kiganja meno yote yameng'oka. Plagi tatu zilikuwa za zamani. Moja ndiyo iliyokuwa mpya, ile ya mbele inayoonekana haraka.

Nilirudi kwenye ile gereji nikiwa na mkanda huo kwenye mfuko wa karatasi. Mwenyewe akacheka. "Mama, magari huharibika." Hayo tu. Watu walikuwa wamesimama pale, vijana wa umri wa wanafunzi wangu, nao wakacheka. Sijawahi kurudi tena, lakini nikipita barabara ile mpaka leo moyo hunipanda.

Namshukuru Mungu kwa jambo moja: injini ya 5A-FE imeundwa kwa namna ambayo mkanda ukikatika, pistoni hazifikii vali. Tuliweka mkanda mpya, gari likawaka. Angekuwa mwenye Subaru ya EJ20, au mwenye dizeli, angekuwa anazungumza habari za vali kupinda na kichwa cha injini kushushwa. Gharama zake zinaweza kuikaribia bei ya injini nyingine ya Japani iliyotumika.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba mkanda wa gari langu nitauona mwenyewe ukitoka na mwenyewe ukiingia. Yule mzee alikubali nikae karibu naye likizo ile nikimpa spana. Nikanunua jeki nzuri na stendi zake, soketi, na spana ya toki ya kupimia ukazaji. Jirani yangu aliniona nimelala chini ya gari akaniuliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, hiyo utaiweza kweli?" Siku hizi yeye ndiye anayeniuliza kuhusu gari lake.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kwanza ujue kama gari lako lina mkanda au cheni. Probox, Vitz na Fielder zenye injini ya 1NZ-FE zina cheni, kwa hiyo akija mtu kukuuzia taimingi belti ya 1NZ, mwonyeshe mlango. Zenye mkanda ni zile za zamani kidogo: Toyota za injini ya 4A, 5A, 7A na 3S, na Subaru nyingi tulizo nazo huku. Kwa Toyota hizi mkanda huhesabiwa kilomita 100,000. Lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na Corolla ya 110 iliyo changa kabisa sasa ina zaidi ya miaka ishirini. Odomita nayo si ya kuiamini, kuna waliofanya biashara ya kuirudisha nyuma. Kama hujui historia ya mkanda, uhesabu kuwa umekwisha.

Plagi fanya kwanza, zitakuzoesha mkono. Injini iwe baridi kabisa, maana kichwa chake ni cha alumini na nyuzi zake huharibika ukifungua ikiwa moto. Kabla ya kulegeza chochote, puliza vumbi kwenye visima vya plagi. Sisi wa Nakuru tunajua vumbi letu. Likiingia kwenye silinda linakuwa msasa. Mimi hutumia pampu ya baiskeli. Toa waya moja, badilisha plagi moja, rudisha waya, ndipo uende kwa nyingine, ili zisichanganyike. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, na ukikosea waya gari litamisi mpaka ulie. Plagi mpya ianze kwa vidole. Mimi huichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli naizungusha polepole. Ikishika vibaya mpira unateleza wenyewe bila kuharibu uzi. Mwisho kaza kwa Nm 18 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki), ambayo ni kidogo kuliko nguvu anayotumia fundi mwenye haraka.

Plagi kuukuu usizitupe kabla ya kuzisoma. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu, injini iko sawa. Masizi meusi makavu, petroli inazidi au kichujio cha hewa kimeziba. Nyeupe kabisa, inachoma kwa joto kali. Ikitoka imelowa oili kwa juu, kwenye kisima, ni gasketi ya kifuniko cha vali. Ikilowa kwenye ncha, oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za vali (mipira inayozuia oili isivuje), na hapo una mazungumzo mengine. Zangu safari hii zilitoka kahawia zote nne, nikazipanga mezani nikazipiga picha.

Soma pia namba. NGK ya BKR5E-11 maana yake ni pengo la cheche la milimita 1.1, hiyo 11 ya mwisho ndiyo inayokuambia. Plagi bandia zimejaa, kwa hiyo nunua dukani unakoweza kurudi, na udai risiti. Dai risiti! Mimi sikuwa nayo siku ile, na ndiyo maana yule bwana aliweza kucheka.

Mkanda ndio kazi yenyewe. Toa terminali ya betri. Nyanyua upande wa kulia wa mbele, weka stendi, toa gurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja, hata kuokota nati. Maunti ya injini ya upande huo, yaani kishikilio chake, lazima itoke, kwa hiyo injini ishikwe kwa jeki ya pili chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ukiweka ubao katikati ili usiitoboe. Ondoa mikanda ya nje, puli ya pampu ya maji, na kifuniko cha vali. Plagi zikiwa nje, krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) inazunguka kwa mkono kwa urahisi, ndiyo maana kazi hizi mbili huenda pamoja.

Bolti ya puli ya krenki ndiyo inayowashinda wengi. Kwa gari la manyuo (la gia za kubadilisha kwa mkono), weka gia ya tano, mpwa wangu hukanyaga breki kwa nguvu, nami navuta kwa bomba refu. Wapo wanaoifungua kwa kuegemeza spana chini na kupiga stata. Sitaki kusikia umefanya hivyo. Spana ikiruka itakuvunja mkono.

Kabla ya kutoa mkanda, zungusha krenki kufuata saa mpaka alama ya puli ifike kwenye 0 ya kifuniko cha chini. Kisha tazama juu: tundu dogo kwenye puli ya kamshafti (shafti inayofungua vali) lazima likae sawa na alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi yake. Lisipokaa sawa, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi, kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Hapo weka alama zako kwa rangi nyeupe. Injini ya 5A-FE ni rafiki kwa mwanafunzi: mkanda huzungusha kamshafti moja tu, na ya pili huzungushwa na gia, kwa hiyo juu una puli moja ya kulinganisha.

Mkanda mpya usiukunje wala kuushika kwa mikono yenye oili. Uvishe ukiwa umenyooka upande usio na puli ya kukazia, legeza bolti ya puli hiyo ili springi iuvute, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kufuata saa, na urudi kwenye alama. Zikikaa sawa, kaza. Zikikosana hata jino moja, toa, anza upya. Usijiambie "iko karibu". Nafundisha Hisabati, na kwenye alama hizi hakuna jibu la karibu. Mizunguko miwili, tazama alama. Ukishakaza, mizunguko miwili tena, tazama alama. Bolti ya krenki inakaa kwa Nm 118.

Ukiwa umefungua, badilisha na sili za krenki na kamshafti, na ile puli ya kukazia pia. Ni vitu vidogo, lakini sili ikivuja itaulowesha mkanda mpya kwa oili, na oili itaula.

Na wewe mama, wewe dada unayeendesha gari lako kwenda kazini Eldoret, Bungoma, Kisumu, usikubali kuambiwa ukae ofisini unywe chai gari lako likifunguliwa. Hata kama hutaki kushika spana, simama pale. Omba uonyeshwe mkanda wa zamani na uubebe nyumbani. Fundi mwaminifu hatakasirika. Yule mzee wangu ndiye aliyenipa mkanda mkononi kabla sijaomba. Tumefundishwa kuona haya mbele ya mafundi, na haya hiyo imetugharimu pesa nyingi mno. Vijana nanyi acheni kujua magari kwa rimu na muziki. Lijue kwa namba ya injini.

Nikimaliza huandika tarehe na kilomita kwenye kibandiko chini ya boneti, ili hata nikiliuza, atakayelinunua asiulize kama alivyouliza kijana wa Kakamega.

Basi mwanangu, nenda dukani na namba ya injini yako, nunua mkanda, puli ya kukazia, sili mbili, gasketi ya kifuniko cha vali na plagi nne. Tafuta Jumamosi isiyo na mvua na mtu wa kukukanyagia breki. Gari lako likiwa la otomatiki, gia haitakushikia krenki, kwa hiyo azima kifaa cha kushikia puli kabla hujaanza. Na kama kuna mwenye Subaru anayesoma hapa, asianze na hatua hizi: mkanda wake ni mrefu, una puli nyingi na alama zaidi ya hizi, na kukosea kwake kunapinda vali. Huyo aende kwa fundi, asimame pale pale.