Lebo za chupa za asali zinazofifia

Kwa chupa zinazokaa dirishani, tumia printa ya utepe, si ile inayochapa kwa joto tupu. Karatasi ya joto ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipashwa, kwa hiyo jua na mafuta huendelea kuiharibu. Ndiyo maana hata risiti za dukani hufutika. Utepe huhamishia wino juu ya lebo. Wa nta unatosha kwa karatasi, ila lebo za plastiki zinazoshikwashikwa zinataka wa rezini. Mimi vifurushi vya kutuma kwa basi bado navichapia lebo za joto, zisizo na utepe, maana kikifika tu lebo imemaliza kazi. Kujua lebo uliyonayo ni ya aina gani, ikwaruze kwa ukucha: ikitoka alama nyeusi, ni ya joto.