Asidi haifufui bomba la chuma

SWALI: Nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Tanga ilijengwa mwaka 1974 na mabomba yake ni ya chuma. Asubuhi maji hutoka mekundu kisha husafika, na jikoni presha imekufa kabisa. Fundi anasema atamwaga asidi ilale usiku kucha, kutu yote itoke, na mabomba yatakaa miaka 20 mingine kwa sababu chuma hakizeeki. Nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie. Habari ya asidi naletewa kila mara, na nyumba zinazoharibika ni hizo hizo za wazee wetu.

Maji yanayoanza mekundu kisha yakasafika yanaonyesha kutu iko ndani ya nyumba yako, si kwenye bomba kubwa la mtaa. Kinachoniumiza ni watu kuaminishwa kwamba kutu hiyo ni uchafu ulioganda kama ukoko wa sufuria, ukiukwangua unabaki na bomba zima. Kutu ni bomba lenyewe linaloliwa. Bomba la nusu inchi la daraja la kati, lile lenye mstari wa bluu, huwa na unene wa milimita 2.6. Likikatwa nyuzi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu) ili liingie kwenye elbo, yaani kiungo cha kona, zaidi ya milimita 1 inaondoka, pamoja na zinki iliyokuwa ikilinda chuma. Ndiyo maana bomba huanza kuvuja kwenye maungio. Kwa maji mazuri, bomba la namna hii hutarajiwa kuishi miaka 40 hadi 50. Huku pwani, ukichanganya na maji ya kisima yenye chumvi, umri huo hupungua sana, na mgao wa maji unaongezea: bomba likikauka hewa huingia, likilowa tena kutu inakwenda mbio.

Sasa asidi. Haichagui. Inakula kutu, inakula zinki iliyobaki, inakula na chuma kizima, na kwenye nyuzi ndiko inakomaliza kwanza. Mara nyingi kutu ndiyo iliyoziba vitobo. Ikitoka, ukuta unaanza kulowa. Viwandani asidi hutumika kweli, lakini hutiwa dawa ya kuizuia isile chuma, huzungushwa kwa pampu huku ikipimwa, kisha mabomba huoshwa vizuri. Dumu la asidi ya betri lililomwagwa jioni na kuachwa hadi alfajiri si kazi ya kitaalamu, ni uharibifu.

Hiyo kauli ya chuma kutozeeka imetokana na mabomba mengine kabisa, yale mazito ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Yaliyolazwa Versailles, Ufaransa, katika karne ya 17 yalihudumu zaidi ya miaka 300. Nayo huoza: chuma hutoka taratibu, hubaki grafiti, ile ile ya penseli, bomba likaonekana zima kumbe kisu kinazama.

Funga valvu ya mita, fungua nipo moja ya jikoni (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi), umulike ndani kwa tochi. Ukikuta tundu la kupita penseli tu, badilisha njia nzima kuanzia kwenye mita, upitishe mabomba ya plastiki ya PPR juu ya ukuta. La zamani liache humo humo ndani. Usiweke viraka vya shaba, kwani shaba ikiungana na bomba la chuma lililopakwa zinki hulila haraka. Na kabla hujakata chochote mwite fundi umeme. Baadhi ya nyumba za zamani waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, umefungwa kwenye bomba la maji, na plastiki haipitishi umeme.

Wengine siku hizi wanauza sumaku za kufunga kwenye bomba. Hakuna sumaku inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Muuza sumaku hula fedha yako tu. Wa asidi anahatarisha mtaa mzima. Maji yakikatwa, presha ya bomba kubwa hushuka, na yaliyomo ndani ya nyumba yanaweza kufyonzwa kurudi nje hadi kwenye ndoo ya jirani. Ambaye mabomba yake yamekwisha kumwagiwa asidi afunge valvu ya mita sasa hivi, aipigie simu mamlaka ya maji ya eneo lake, na asiruhusu mtu kunywa, kupikia wala kuoga maji hayo mpaka mabomba yaoshwe na maji yapimwe.